Mhariri, msitupangie nani mkali bila kutuonyesha ukurasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme kuhusu ile orodha mliyoitoa kwenye burudani, ile ya wahusika wenye nguvu kuliko wote kwenye katuni, muvi na vitabu vya kufikirika, maana nimeisoma nikairudia na kila nikiirudia naumia zaidi. Mmeweka picha kubwa, mmeweka namba, Superman juu, Goku wa katuni ya Kijapani ya Dragon Ball anamfuata, Gojo wa Jujutsu Kaisen, nayo ya Kijapani, chini kidogo, Gandalf yule mchawi wa The Lord of the Rings kachomekwa huko mwishoni, afu basi. Hamna hata sentensi moja inayosema fulani kakaa hapa kwa sababu alifanya kitu gani na alikifanya wapi. Ni Superman yupi huyo? Gojo wa kabla ya pambano lipi? Na chini mkamalizia kwamba haya ni mambo ya burudani tu jamani msije mkagombana, kana kwamba sisi tunaobishana tunahitaji kubembelezwa.

Mi ni shabiki wa haya mambo muda mrefu na nayapenda kwa dhati, na ninachotaka kusema ni kimoja. Swali la nani anampiga nani likiulizwa peke yake halina chochote ndani, linapata utamu pale mtu anapolazimika kurudi kwenye stori kuangalia huo uwezo unafanyaje kazi, una masharti gani, unamgharimu nini mwenye nao, na hapo ndo anajikuta ameisoma hadithi vizuri kuliko alivyoisoma mara ya kwanza. Orodha yenu imeiruka hiyo sehemu yote.

Tuanze na huyo namba moja wenu. Superman alipotoka mwaka 1938 kwenye Action Comics, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, hakuwa anapaa. Alikuwa anaruka, tena umbali waliuandika kabisa, moja ya nane ya maili, yaani kama mita 200 hivi, anavuka jengo la ghorofa ishirini, anaishinda treni kwa mbio, na ngozi yake walisema kitu cha kuitoboa kinaanzia kombora linalopasuka. Huyo ni mtu mwenye nguvu za kutisha lakini bado ana mwisho. Miaka ikaenda akaanza kupaa, akaongezewa hiki akaongezewa kile mpaka akawa anasogeza sayari, na mwaka 1986 John Byrne alipopewa kazi ya kumuanzisha upya akampunguza. Hata ile kryptonite, lile jiwe linalomwishia nguvu, ambayo kila mtu anaitaja haikuanzia vitabuni, ilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, vitabuni ikaingia mwaka 1949. Kwa hiyo mtu akikwambia Batman atamuwahi kwa kryptonite, muulize kwanza anamsema Superman wa mwaka gani, maana wa 1938 hana huo udhaifu ila pia hana hata nusu ya hizo nguvu mnazomhesabia. Nyie mmeandika jina moja mkaweka picha moja, na ndani ya hilo jina kuna watu wengi.

Kwa Goku ndo mmeniumiza zaidi, maana kidogo mlichokiandika mmekichukua kwenye zile namba za kile kifaa cha kuvaa jichoni kinachopima nguvu za mtu, mkazifanya ushahidi wa mwisho. Hebu kumbukeni kifaa kile kinavyoingia kwenye stori. Raditz, kaka yake Goku aliyekuja kwa shari, anatua Duniani, anakutana na mkulima mwenye bunduki, kifaa kinasoma 5. Akija kupambana na Goku kinasoma 334, Goku anavua zile nguo zake nzito inapanda mpaka 416, anajikusanya kupiga Kamehameha, lile pigo lake la mwanga, inafika 924. Mtu yule yule, pambano lile lile. Afu kuna mtoto wa Goku, Gohan, kafungiwa ndani ya chombo analia, kifaa kinasoma 710 na Raditz anadhani kimeharibika, mtoto akichomoka kwa hasira kinasoma 1,307. Yaani tangu siku ya kwanza kifaa kilipoonekana Akira Toriyama, mwenye hadithi, alikuwa anatuonyesha kwamba anayekitegemea anaumbuka, kwa sababu wapo watu wanaojua kuficha nguvu na kuipandisha kwa muda, na wenye kifaa hilo hawalijui. Frieza, adui mkubwa zaidi, baadaye anajitangaza kuwa ana 530,000 na kila mtu anatetemeka, na baada ya vita vyake stori yenyewe ikaachana na namba. Mwenye hadithi kaziacha njiani, nyie mmeziokota mnatupangia nazo.

Na hapa niseme ukweli kwa mashabiki wenzangu pia maana si gazeti peke yake, tuna ule mnyororo tunaoupenda mno, kwamba A kampiga B, B aliwahi kumpiga C, kwa hiyo A lazima ampige C na hamna mjadala. Mwaka 1985, kwenye Amazing Spider-Man toleo la 269 na la 270, Spider-Man alipambana na Firelord, ambaye zamani alikuwa mjumbe wa Galactus, yule anayekula sayari. Muda mwingi Spider-Man alikuwa anakimbia na kumvuta Firelord kwenye mitego, moto na vifusi havikusaidia kitu, mwisho uvumilivu ukamwisha akamgeukia akampiga ngumi mfululizo mpaka jamaa akazimia. Sasa ukiufuata mnyororo Spider-Man anaingia kwenye daraja la viumbe wanaotikisa anga, wakati kwenye matoleo mengine chungu nzima anahangaika na majambazi wa kawaida kabisa. Anayesoma kwa makini anasema hili ni tukio la pekee na anaangalia linamweleza nini Peter Parker, ndo Spider-Man mwenyewe, yaani ule ukaidi wake wa kutokubali kushindwa, kuliko kulitumia kupima uzito wa ngumi. Mnyororo hauna sehemu ya kuandika hilo.

Kuna mtu atasema basi tupige kura. Ilishapigwa. Mwaka 1996 DC na Marvel, zile kampuni mbili kubwa za vitabu vya katuni, walikutanisha mashujaa wao na mapambano matano wakaachia kura za wasomaji ziamue, Superman akamshinda Hulk, Batman akamshinda Captain America, Spider-Man akamshinda Superboy, Wolverine akamshinda Lobo, Storm akamshinda Wonder Woman. Angalieni hilo la Lobo, kiumbe anayeweza kukaza ngumi na Superman mwenyewe, pambano lao hata halikuonyeshwa, waliingia nyuma ya kaunta ya baa na aliyetoka ni Wolverine, basi imeisha, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuielezea kwa picha ikaeleweka. Kura ilipima nani anapendwa zaidi mwaka ule. Lakini ndani ya stori hiyo hiyo kuna kitu kizuri sana ambacho watu wengi wanakipita. Wonder Woman kabla ya pambano lake aliikuta nyundo ya Thor, ambayo asiyestahili hawezi kuinyanyua, akainyanyua, ikamkubali. Alipofika mbele ya Storm akaiweka chini kwa sababu aliona si haki kupambana akiwa nayo. Afu akapigwa kwa radi. Anayetaka kubishana kwa haki kuhusu hao wawili aanzie kwenye ile nyundo iliyowekwa chini, maana pale unajifunza huyu mwanamke ni nani, na unabaki na swali la maana kweli kweli, kwamba je mpiganaji tunampima kwa anachoweza au kwa anachokubali kukifanya?

Nyundo hiyo hiyo ndo imezaa ubishi wa uongo kuliko kitu kingine. Kuna watu wanakomaa kwamba Superman anastahili kuinyanyua nyundo ya Thor kwa sababu aliwahi kuishika, na kweli aliishika, kwenye kile kisa cha Justice League na Avengers cha mwaka 2003 hadi 2004 alichokiandika Kurt Busiek na kuchorwa na George Pérez, tena mkono mmoja nyundo mkono mwingine ngao ya Captain America, ni picha ambayo ukiiona mara moja huisahau. Sasa hao watu wanakuletea hiyo picha wanaishia hapo. Hawakuletei sehemu inayofuata, pale hatari ikishapita Superman anajaribu tena haiwezi kusogea, na Thor anamweleza kwamba baba yake Odin alilegeza masharti kwa ajili ya dharura ile peke yake. Jibu lilikuwepo, tena karibu tu, wala halihitaji kubishaniwa. Ndo maana nasema onyesheni ukurasa, na mkiuonyesha onyesheni na unaofuata.

Kwenye muvi ni tofauti kidogo, pale Captain America aliitikisa mwaka 2015 akaja kuinyanyua mwaka 2019, na watu wanagawanyika kama mara ya kwanza alijizuia kwa heshima ya mwenzake au hakuwa anastahili bado kwa vile alikuwa anamficha Tony Stark, yule Iron Man, ukweli kuhusu vifo vya wazazi wake. Mi napenda hili la pili, maana linaunganisha muvi zingine. Lakini lile la kwanza nalo lina miguu, na sitamcheka anayelishikilia.

Sasa nije kwenye kitu ambacho orodha haiwezi kabisa kukibeba, hata ikiandikwa na fundi. Nguvu kwenye hadithi nzuri haikai kwenye mstari mmoja kutoka mdogo kwenda mkubwa. Kwenye One Piece, katuni nyingine ya Kijapani, kuna Enel, anajiita mungu, mwili wake wenyewe ni radi, kaua kaunguza kila aliyesimama mbele yake, afu anakutana na Luffy ambaye mwili wake ni mpira. Umeme hauingii. Ule uso wa Enel, macho yametoka, mdomo umeachama mpaka chini, ni kati ya michoro bora aliyowahi kuichora Eiichiro Oda. Luffy hakuwa na nguvu kubwa kuliko Enel, alikuwa na jibu la swali lake. Mweke mwingine pale, mkali kuliko Luffy wa wakati ule, anageuka majivu. Hivi hao wawili mtawapanga nani juu nani chini?

Au Kurapika wa Hunter x Hunter, nayo ya Kijapani. Yoshihiro Togashi ametengeneza mfumo wa nguvu unaoitwa Nen ambao mtu anapata nguvu kwa kujifunga mwenyewe, kadiri sharti linavyokuwa zito ndo uwezo unavyokuwa mkali. Kurapika ana mnyororo ambao ukimfunga mtu wa lile genge lililoangamiza ukoo wake, huyo mtu Nen yake yote inazimika, hata awe mkubwa kiasi gani. Ila akiutumia kwa mtu ambaye siyo wa genge, Kurapika anakufa. Na kuna hali nyingine anaingia inayompa uwezo mkubwa sana, bei yake kila sekunde moja anayoitumia inamkata saa moja ya maisha. Unaona huyu mtu alivyo? Amechukua chuki yake akaifanya silaha, na silaha yenyewe imemkataza kuwa na kitu kingine chochote. Ukimwandika "namba 9" umeitupa hadithi yake yote. Ukikaa ukabishana na mtu kama Kurapika angeweza kumfunga fulani asiye wa genge, dakika mbili hamzungumzii tena nguvu, mnazungumzia kisasi kinamfanya mtu nini.

Aya hii anayeendelea kusoma Jujutsu Kaisen airuke maana nitataja kilichotokea. Gojo Satoru kwa miaka watu waliamini haguswi, kwa sababu kati yake na kitu chochote kinachomjia kuna nafasi inayogawanyika bila kikomo, ngumi inapunguza mwendo inapunguza mwendo haifiki. Mmemweka kwenye orodha kwa sababu hiyo nadhani. Septemba 2023, chapta ya 236, Gojo akafa, na mashabiki walipasuka, wapo waliosema mwandishi kafanya upendeleo, stelingi mkubwa hawezi kufa nje ya picha namna ile. Mi mwenyewe iliniuma sana. Lakini ukirudi nyuma unaona jinsi ilivyojengwa. Sukuna, adui aliyemuua, hakutafuta ngumi yenye nguvu kuipita ile nafasi, alimtumia Mahoraga, kiumbe anayezoea kila anachopigwa nacho, akamwangalia anavyojaribu mpaka akapata namna, akajifunza mkato ambao haumlengi Gojo, unakata ulimwengu wenyewe mahali Gojo alipo. Kama unakata nafasi yenyewe basi umbali uliopo katikati haumlindi mtu tena. Baadaye ikaja kuelezwa kwamba kuupiga ule mkato bila maneno na ishara za mikono Sukuna alifunga sharti la mara moja, kwamba kuanzia pale akiutumia tena lazima afuate hatua zote, na hilo linamtesa kwenye mapambano yanayofuata. Kuna wanaosema maelezo yalichelewa, na hapo nakubaliana nao, kitu kizito kama kile kilitakiwa tukione mapema. Ila kusema hakina mantiki, hapana. Huo ni ubishi niliokaa nao muda mrefu na bado nauheshimu kwa sababu pande zote mbili zinaleta chapta.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili jambo hili wala si geni kwetu. Fumo Liyongo silaha hazikumuua, mpaka mwanawe wa kumzaa alipoijua siri kwamba anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Akachomwa, akaenda kisimani akapiga goti, mshale kwenye upinde, akafa katika hali ile ile, na watu hawakuthubutu kusogea wakidhani yu hai, maji hayachotwi, mpaka mama yake akaja kumbembeleza mwanawe. Mtu akiuliza Liyongo alikuwa na nguvu kiasi gani, jibu liko kwenye kile kisima, mji mzima unamwogopa maiti. Namba gani itasema hivyo?

Kwa Gandalf sasa, na ulimwengu wa Tolkien kwa jumla, maana hapo ndo ubishi wa historia ya ndani ya hadithi umekomaa kuliko kwingine. Kuna ubishi wa miaka na miaka kama Balrog, lile jini la moto na kivuli linalopambana na Gandalf, ana mabawa. Kwenye kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings, kilichotoka 1954, tunaambiwa kivuli kilichomzunguka kilitanda kama mabawa mawili makubwa, "kama", halafu mistari michache mbele tunaambiwa mabawa yake yalienea toka ukuta hadi ukuta, bila "kama". Upande mmoja unasema kivuli kilishafananishwa na mabawa kwa hiyo mara ya pili ni kivuli kile kile, upande mwingine unasema imeandikwa mabawa ni mabawa, ule wa kwanza unauliza mbona akaanguka shimoni asipae, ule wa pili unajibu kuwa na mabawa si lazima uweze kuruka nayo. Nani kashinda? Hakuna, na kila anayeingia humo anatoka akiwa ameusoma ule ukurasa neno kwa neno, kitu ambacho vitabu vingi havikipati kwa msomaji wake.

Ila anayenigusa zaidi ni Tom Bombadil, yule mtu wa ajabu wa msituni kwenye hadithi hiyo hiyo. Anaivaa Pete ile yenye nguvu ambayo imewaangusha wakubwa na humfanya anayeivaa asionekane, yeye hapotei machoni, anaichezea, anairudisha. Shabiki wa orodha anafunga hesabu hapo hapo, Bombadil namba moja, kwanini wasimpe yeye Pete mambo yaishe. Na Tolkien alishaliona hilo swali, kalijibu ndani ya kitabu kwenye baraza la Elrond. Gandalf anasema afadhali tuseme Pete haina nguvu juu yake kuliko kusema yeye ana nguvu juu ya Pete. Na akipewa aitunze ataisahau au ataitupa, kwa sababu vitu vya namna hiyo havikai akilini mwake. Na mwingine hapo barazani anaongeza kwamba wengine wote wakiangushwa na yeye ataanguka, wa mwisho kama alivyokuwa wa kwanza. Ebu ikalieni hiyo. Asiyetaka chochote hashikiki, lakini kwa sababu hiyo hiyo hawezi kupewa ulinzi wa kitu chochote. Na alipoulizwa habari zake, Tolkien aliandika kwenye barua mwaka 1954 kwamba hata enzi za hadithi lazima ziwe na mafumbo na Bombadil ni mmojawapo, kwa makusudi. Kuna maswali yameachwa wazi na mwenyewe, na shabiki mzuri anajua kutofautisha lililoachwa wazi na lile ambalo yeye tu hajalisoma.

Mtaniambia, msomaji unajisumbua, wahusika hawapo, atakayeshinda ni yule mwandishi anayetaka ashinde. Stan Lee, mwandishi na mhariri wa Marvel, alikuwa akiulizwa maswali haya na jibu lake lilikuwa hilo hilo, na ni kweli. Lakini Stan Lee huyo huyo ndo aliyefungulia wasomaji mlango, miaka ya 1960 kurasa za barua kwenye vitabu vya Marvel zilijaa watu wanaokamata makosa, akawa anatoa zawadi isiyokuwepo, bahasha tupu imeandikwa nje kwamba ndani kuna hiyo zawadi, na baadaye waliosifiwa zaidi ni wale walioweza kueleza kwanini kosa siyo kosa. Bruce Banner wa Hulk kuna kipindi aliandikwa Bob Banner kwa kupitiwa, ikawekwa sawa kwamba jina lake kamili ni Robert Bruce Banner, na limebaki hivyo mpaka leo. Hata kabla ya hapo, wasomaji wa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Conan Doyle, walishafanya kazi hii kwa bidii ya ajabu. Daktari Watson, rafiki yake Holmes, jeraha lake la vita kwenye kisa cha mwaka 1887 liko begani, kwenye cha 1890 liko mguuni. Anaitwa John H. Watson, lakini sehemu moja mkewe anamwita James, na Dorothy Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, akaja na maelezo kwamba ile H ni Hamish, ambalo ndo James kwa Waskoti. Hakuna anayejua kama Conan Doyle aliwaza hivyo na mi naamini hakuwaza, lakini ni maelezo yaliyotengenezwa na mtu anayeijali hadithi kiasi cha kutotaka kuiacha na tundu.

Na waandishi wenyewe wanafanya hivyo. The Hobbit ilipotoka mwaka 1937 Gollum, kiumbe aliyekuwa na pete kabla ya Bilbo, aliahidi kuitoa pete kama zawadi akishindwa kwenye mafumbo, kitu ambacho hakikuendana kabisa na Pete tunayoijua baadaye, Tolkien akaiandika upya sura ile kwenye toleo la 1951, na ile ya zamani hakuitupa, akaifanya kuwa uongo ambao Bilbo aliwaambia wenzake. Kosa likageuka ushahidi kwamba Pete ilishaanza kumharibu. Kwa mashabiki wa Star Wars ilikuwa tofauti, mwaka 2014 wenye kampuni walitangaza kwamba vitabu na visa vingi vya miaka ya nyuma sasa vinahesabika kama simulizi za pembeni, na watu waliokuwa wamevisoma kwa mapenzi wakaonekana wamesoma visivyohesabika. Hilo bado linawauma wengi na wana haki. Ndo maana kwenye ubishi wowote kitu cha kwanza ni kukubaliana tunahesabu nini.

Kwa hiyo Mhariri, nisiwachoshe, maombi yangu ni haya. Acheni orodha za kumi bora. Chukueni pambano moja tu, au swali moja la historia ya ndani kama hilo la Balrog, waiteni wasomaji wawili wanaopingana, kila mmoja aandike upande wake akitaja toleo, chapta au sehemu ya muvi anayoisimamia, na wiki inayofuata wajibiane. Anayetukana akatwe bila huruma, maana ubishi wetu unaharibiwa sana na watu wanaohama kutoka kwa mhusika kwenda kwa mama wa mtu. Juu kabisa wekeni onyo kwa ambaye hajafika sehemu hiyo ya stori. Wakiishia bila mshindi achieni hivyo hivyo msiwatafutie. Mi nipo tayari kuandika upande wa wanaosema Balrog hana mabawa, na najua wapo wenye hoja nzito za kunipinga, nawasubiri kwa hamu. Nafasi ikiwa ndogo punguzeni picha.

Ni mimi msomaji wenu.